Umeme Unapita Wapi Kichwani?

Mwaka 2000, huko Göttingen, Ujerumani, Michael Nitsche na Walter Paulus walionyesha kwamba umeme dhaifu wa miliampea 1, ukipitishwa kichwani kwa sponji zilizoloweshwa, hubadilisha utendaji wa ubongo. Sehemu inayoendesha mkono huchangamka au huzubaa, kutegemea umeme umeelekezwa upande gani. Fuvu halikupasuliwa. Maabara nyingi zikafuata nyayo zao, zikaanza kuujaribu umeme huo hata kwa wagonjwa wa sonona na kiharusi. Lakini hakuna aliyekuwa ameuona ule umeme ukipita.

Giza hilo ni la zamani. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitalia Giovanni Aldini aliwapitishia wagonjwa wa huzuni umeme wa betri kichwani, akangoja matokeo. Na kichwani umeme haushiki njia iliyonyooka: sehemu kubwa hupotelea kwenye ngozi, fuvu huuzuia, na maji yanayouzunguka ubongo huusambaza. Unaofika kwenye ubongo wenyewe ni mdogo, na kwa miaka mingi njia yake ilikisiwa kwa kompyuta.

Ufunguo wa kuiona njia hiyo ulipatikana 1820, Hans Christian Ørsted wa Copenhagen alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye umeme. Kila mkondo wa umeme huzaa usumaku, na mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili, huhisi usumaku. Viini vya hidrojeni vilivyo katika maji ya mwili huyumba kama pia, na kasi yao hufuata nguvu ya sumaku pale vilipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, mjini Toronto, Michael Joy, Greig Scott na Mark Henkelman walitumia mabadiliko ya kasi hiyo kuchora mkondo wa umeme. Kikwazo ni kwamba MRI huhisi usumaku wa mwelekeo mmoja tu, kwa hiyo ili kupata picha kamili iliwabidi wakigeuze kile wanachokipima ndani ya mashine. Binadamu hageuzwi hivyo. Ndipo Jin Keun Seo na Eung Je Woo wa Korea Kusini, pamoja na wenzao, wakabuni hesabu zinazoridhika na mwelekeo huo mmoja.

Ikabaki shida ya udogo. Usumaku unaotafutwa ni kama nanotesla 1, ndani ya mashine ya tesla 3: sehemu moja katika bilioni tatu. Mgonjwa akijitikisa kidogo tu, alama hiyo hufunikwa. Hata hivyo, 2016 watafiti wa California walichapisha vipimo vya usumaku huo katika ubongo wa watu walio hai.

Kisha Cihan Göksu, Axel Thielscher na wenzao huko Denmark wakafichua jambo ambalo kwangu ndilo lenye funzo kubwa kuliko yote. Nyaya zinazopeleka umeme kichwani nazo zina usumaku wake, na usipoondolewa kwenye hesabu, picha huonyesha mikondo isiyokuwepo. Ikabidi wajue kila waya umelala vipi, wakokotoe usumaku wake, kisha wautoe.

Kazi hiyo ngumu inamhusu hasa mgonjwa wa kiharusi. Sehemu ya ubongo iliyokufa huweza kujaa maji, na maji hupitisha umeme vizuri kuliko nyama ya ubongo. Ramani iliyokokotolewa kwa kichwa cha mtu mzima wa afya haimfai. Kwake umeme unahitaji kupimwa.