Maelezo ya picha: amesimama au anasimama?

Maana na upatanisho

Maelezo ya picha ni matini fupi inayoambatanishwa na picha ya kidijitali ili mtu asiyeiona apate kujua kilichomo. Nomino hii huingia katika ngeli ya YA-YA: maelezo haya yanatosha, maelezo yale yamekosewa. Istilahi matini mbadala na maandishi mbadala hutumiwa kwa maana iliyo karibu, hasa kwa maelezo yanayowekwa ndani ya msimbo wa ukurasa wa wavuti, katika sifa iitwayo alt. Sifa hiyo imo katika lugha ya HTML tangu toleo la 2.0 la mwaka 1995.

Kwa kawaida msomaji anayeona hayakuti maelezo hayo. Anayeyapata ni mtumiaji wa kisoma-skrini, yaani programu inayogeuza yaliyomo kwenye skrini kuwa sauti au nukta nundu (breli), kama vile NVDA katika kompyuta za Windows, TalkBack katika simu za Android na VoiceOver katika simu za iPhone. Picha ikikosa maelezo, aghalabu programu hizo hutamka neno "picha" au jina la faili, basi. Tangazo la kazi au ratiba ya mtihani iliyopigwa picha na kusambazwa kwenye simu humfikia asiyeona ikiwa neno hilo moja tu.

Siku hizi mashine yenyewe huweza kuitambua picha na kuieleza. Makala haya yanahusu lugha ya maelezo hayo. Hoja yake ni kwamba tafsiri ya neno kwa neno kutoka Kiingereza huweza kumpa msikilizaji habari ya uongo hata pale ambapo mashine imeitambua picha sawasawa.

Mashine ilijifunzia wapi?

Utambuzi wa picha ni tawi la akili mnemba (wengine husema akili unde au akili bandia). Programu hufunzwa kwa picha nyingi mno ambazo binadamu wameshazipa majina. Hazina ya picha ya ImageNet, iliyotangazwa mwaka 2009, ilipangwa kwa kufuata WordNet, ambayo ni kamusi ya mtandao wa maana za maneno ya Kiingereza iliyoundwa katika Chuo Kikuu cha Princeton. Hazina nyingine mashuhuri, COCO ya mwaka 2014, ina aina 80 za vitu. Miongoni mwake zimo ala za kutelezea kwenye theluji. Kinu, mchi na mkeka havimo.

Mwaka 2016 Facebook ilianza kuwasomea wasioona orodha ya vitu vilivyotambuliwa katika picha. Mwaka 2017 Microsoft ilitoa programu ya Seeing AI. Mwaka 2023 huduma ya Be My Eyes, iliyoanza kwa kuwaunganisha wasioona na watu wa kujitolea wanaoona, iliingiza pia maelezo yanayotungwa na mashine. Programu za kizazi hiki hutunga sentensi nzima, na zikiombwa Kiswahili hutoa Kiswahili. Hata hivyo, sehemu kubwa ya yale zilizojifunza ni ya Kiingereza, na athari yake huonekana katika sarufi.

Hali na tendo: -me- na -na-

Kiingereza hutumia umbo moja la kitenzi kwa mtu aliye katika tendo na kwa mtu aliye katika hali. Kiswahili hutenganisha. Vitenzi vya mkao, vya mavazi na vya kushika huchukua -me- pale tendo linapokuwa limekwisha na hali yake ingalipo. Vikipewa -na-, mara nyingi huonyesha kwamba tendo lenyewe ndilo linaloendelea, au kwamba ni la mazoea.

Amesimama: yuko wima. Anasimama: anainuka, au anakatiza mwendo wake.
Amevaa kanzu: kanzu iko mwilini. Anavaa kanzu: ndiyo kwanza anaiingiza.
Amelala: yumo usingizini au yu chali. Analala: ndipo anapojinyoosha, au ndipo mahali pake pa kulala.
Amepanda baiskeli: yuko juu yake. Anapanda baiskeli: mguu mmoja bado uko chini.
Mlango umefungwa: hauko wazi. Mlango unafungwa: kuna anayeufunga sasa hivi.

Vitenzi vya tendo lisilozaa mkao wa kubaki, kama vile cheza, kimbia, lia na andika, huchukua -na- bila ya tatizo: watoto wanacheza, mwalimu anaandika ubaoni.

Tofauti hii si ya mapambo. Mtu asiyeona akiwa kando ya barabara, akaielekeza kamera ya simu mbele yake, anahitaji kujua kama gari limesimama au linasimama. La kwanza limetulia. La pili lingali likienda. Anayeona akisoma maelezo mabovu huyasahihisha kwa jicho, lakini asiyeona hana kingine cha kuyapimia.

Jina la kitu

Tafsiri ya jina moja moja hukwama pale Kiswahili kinapogawa maana kwa namna yake. Neno moja la Kiingereza huenea kwa mpunga ulioko shambani, mchele ulioko gunia na wali ulioko sahani. Maelezo yanayosema "sahani ya mchele" yatamfanya msikilizaji adhani kwamba chakula bado hakijapikwa.

Kuna pia vitu ambavyo hazina za mafunzo hazina jina lake. Mbuzi ya kukunia nazi huweza kuitwa kiti kidogo au kifaa cha mbao. Hapa upatanisho ndio unaomwokoa msikilizaji: mbuzi huyu ni mnyama, mbuzi hii ni chombo. Mashine au mwandishi akikosea kiambishi, mnyama huingia jikoni.

Kanga ni mfano mzito zaidi. Ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani usemi uliochapwa juu yake. Kuieleza kuwa "kitambaa chenye maua mekundu" ni kuliacha jina, na mara nyingi jina ndilo sababu ya kanga ile kuchaguliwa na kuvaliwa. Programu za kutambua maandishi huweza kulisoma, kwa kuwa hati ya Kilatini ya Kiswahili haina alama nyingi. Wa kuangaliwa ni ule ung'ong'o wa ng', ambao ukipoteza alama yake huzaa neno jingine au upuuzi.

Idadi na uwezekano

Programu zinazojaza nafasi katika kiolezo, mathalani "Picha huenda ina (idadi) (jina)", huzaa makosa kama "2 watu". Kiswahili hutanguliza nomino, na idadi hufuata. Aidha, moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana na ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki: watu wawili, viti viwili, miti miwili, meza mbili, lakini watu sita, viti sita, miti sita. Kiolezo kimoja kwa ngeli zote hakiwezekani.

Kuhusu mashaka ya mashine, huenda ni bora kuliko inaweza. "Picha inaweza kuwa na mbwa" huweza kueleweka kama habari ya uwezo. "Huenda ni mbwa" huonyesha kwamba msemaji hana hakika. Mashaka hayo yasifutwe katika tafsiri, kwani ni sehemu ya habari.

Mtu katika picha

Kiswahili hakibainishi jinsia katika kiambishi cha nafsi: anacheka hutosha kwa mwanamke na kwa mwanamume. Jambo hili lina faida. Utafiti uitwao Gender Shades wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru, uliochapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba mifumo iliyopimwa ya kubaini jinsia kwa uso ilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi zaidi, na si zaidi ya asilimia 0.8 kwa wanaume wenye ngozi nyeupe zaidi. Mwaka 2020 Google iliacha kutumia vitambulisho vya "mwanamume" na "mwanamke" katika huduma yake ya utambuzi wa picha. Mfasiri anayeongeza "mwanamke" pale mashine iliposema "mtu" hurudisha kosa ambalo lugha yake ilikuwa imeliepuka.

Sera na lugha

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unahimiza katika ibara ya 9 upatikanaji sawa wa habari na teknolojia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inatambua haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta nundu au njia nyingine zifaazo. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu vitabu kutolewa katika miundo inayowafaa wasioona bila ya kusubiri idhini ya mwenye hakimiliki.

Kwa wavuti, kipimo kinachotumika zaidi ni miongozo ya ufikivu ya shirika la W3C, iitwayo WCAG. Kigezo chake cha 1.1.1 kinadai picha iwe na matini mbadala. Kigezo cha 3.1.1 kinadai lugha ya ukurasa itajwe katika msimbo, na ndicho husahaulika. Ukurasa wa Kiswahili usiowekewa alama ya sw, au uliobaki na alama ya Kiingereza, huweza kusomwa kwa matamshi ya Kiingereza, hata maelezo yaliyotungwa vizuri yasisikike kuwa Kiswahili.

Zaidi ya hayo, programu nyingi hupeleka picha kwenye kompyuta za mbali ili zitambuliwe. Picha ya cheti cha daktari au ya uso wa jirani ni taarifa binafsi, nayo inalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022. Asiyeona anastahili kuelezwa jambo hili kwa lugha anayoielewa kabla hajabonyeza kitufe.

Muhtasari wa matumizi

Taja kwanza kilicho muhimu kwa lengo la picha. Usianze kwa "Hii ni picha ya", kwani kisoma-skrini kimeshasema "picha". Kwa mkao, mavazi na kushika, tumia -me-. Kwa tendo linaloendelea, tumia -na-. Kwa mahali, chagua kati ya yupo, yuko na yumo kwa kufuata picha. Yaandike maneno yote yaliyomo kwenye picha kama yana maana kwa msomaji. Maelezo ya mashine yachukuliwe kuwa rasimu: yasomwe kwa sauti, picha ikiwa imefunikwa, kisha ifunuliwe na vilinganishwe.