Kamba ya Wanyoike

Binamu yangu wa Miritini ana miaka 16. Mguu wake wa kushoto ulikonda tangu utotoni, na mkuki anaurusha mbali kuliko wavulana wengi wa mtaa. Hilo wamelizoea. Wasilolizoea ni kijana anayemtumia meseji usiku. Shangazi akiona hucheka: "Huyo naye, ati mapenzi!"

Basi akanambia, wewe unayesoma sana, nitafutie riwaya ya Kiswahili yenye msichana kama mimi. Nikampelekea Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, ile tuliyofanyia mtihani. Walemavu wamo, watoto wa Mwalimu Majisifu, lakini wamo ili baba yao awaonee aibu. Akanirudishia. "Huyu baba nshamjua. Hakuna mwingine?"

Nikaacha riwaya, nikaenda kwenye historia. Mary Nakhumicha Zakayo aliiwakilisha Kenya Paralimpiki ya Seoul mwaka 1988, na mkuki ndio uliomjengea jina. Hapo binamu akaketi vizuri. Lakini aliyemshika hasa ni Henry Wanyoike.

Wanyoike alizaliwa Kikuyu mwaka 1974. Alikuwa mkimbiaji tayari, mwenye macho mazima, hadi kiharusi kilipompiga mwaka 1995 akapoteza uwezo wa kuona. Alijifunza kufuma sweta kabla ya kurudi mbioni. Katika mbio za wasioona, mkimbiaji na kiongozi wake huunganishwa na kamba fupi mkononi. Hatua zao lazima zilingane, na kiongozi haruhusiwi kuvuka mstari wa mwisho mbele. Sydney, mwaka 2000, mita 5,000: kiongozi wa Wanyoike akaishiwa nguvu karibu na mwisho. Asiyeona ndiye aliyemvuta mwenye macho hadi kwenye mstari, akachukua dhahabu. Athens 2004 akaongeza mbili, za mita 5,000 na 10,000, akiongozwa na rafikiye wa utotoni, Joseph Kibunja.

Wengi husimulia hii kama hadithi ya ujasiri. Binamu alisikia kingine kabisa.

"Kumbe mtu anaweza kukushika bila kukuonea huruma."

Wiki iliyopita nimemkuta na daftari. Msichana anarusha mkuki uwanjani, kijana anakwenda kuuokota, naye anamkataza: atauokota mwenyewe, ila waende pamoja. Nilitaka kufungua ukurasa wa pili. Akanipiga mkono.