Kombi, Momella na Mwaka 1951

Katika historia ya magari mwaka 1951 una nafasi yake ndogo. Kiwanda cha Volkswagen kilikuwa kimeanza kutoa Kombi mwaka uliotangulia, na mwaka huo kampuni nyingine ya Kijerumani, Westfalia, ikaanza kutia vitanda na makabati ndani yake, ili baba, mama na watoto waweze kutoka mjini na kulala porini kwa raha zao. Katika historia ya Tanganyika mwaka huohuo unakumbukwa kwa jambo jingine. Mwezi wa Novemba serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika makazi yao ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya Mlima Meru. Nao walilala nje, baba, mama na watoto, ila si kwa raha zao.

Mambo haya mawili hayakuzaana, na mwalimu wa historia hana ruhusa ya kuyafunga kamba moja kwa kupenda tu. Yalikutana kichwani mwangu kwa sababu mwaka 2017 nililala ndani ya Kombi kambini Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mwendo mfupi tu kutoka Engare Nanyuki.

Gari lilikuwa la mwanangu wa pili. Alilinunua kuukuu, akampa fundi seremala alitengenezee vitanda na kisanduku cha jiko la gesi. Tulikuwa watu sita: yeye na mkewe, wajukuu watatu, na mimi. Bibi yao alikataa katakata. Alisema alilala vya kutosha chini ya turubai siku za JKT na hana hamu ya kurudia. Baada ya Usa River tulikata kushoto, tukaingia kwa lango la Ngurdoto, tukapita uwanda uitwao Serengeti Ndogo penye twiga na nyati, kisha msitu wenye mbega. Kombi lilipanda vilima likinung'unika. Kwenye maziwa ya Momella, ambayo maji yake ni ya magadi, heroe walikuwa wamesimama ukingoni kwa mamia.

Jioni mawingu yakafunguka na mlima ukaonekana wote. Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500, na ubavu wake wa mashariki haupo. Maelfu ya miaka iliyopita uliporomoka mzimamzima, na maziwa yale yamekaa katika vifusi vyake. Mwanangu alinimiminia chai, akasema, "Baba, sikiliza. Hakuna mtu. Ndivyo nchi hii ilivyokuwa tangu hapo kale."

Nilimwambia sivyo. Akacheka, akasema, "Tafadhali Mzee, watoto wamefunga shule. Usiwape kipindi." Lakini mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na miaka kumi, alikuwa ameshasikia. "Kwani Babu, nani alikuwa anakaa hapa?"

Mtoto akiuliza swali la namna hiyo, mimi siwezi kumwambia anywe chai yake alale. Nilianza na Momella penyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza palikuwa tayari mikononi mwa walowezi wa Kijerumani, na aliyejulikana zaidi ni mwanamke, Margarete Trappe, mkulima na mwindaji. Baada ya yeye kufa mwaka 1957, wacheza sinema wa Marekani walikuja na John Wayne, wakapiga hapa picha ya Hatari! iliyotolewa mwaka 1962. Ulimwengu mzima ukaiona Momella kama uwanja wa Wazungu kufukuzana na vifaru. Kreta ya Ngurdoto ilifanywa hifadhi mwaka 1960. Mlima wenyewe uliongezwa mwaka 1967 na hifadhi ikapewa jina la Arusha.

Nilikuwa mwangalifu kuwaeleza watoto kuwa uwanja tuliolalia si ule waliotolewa Wameru wa mwaka 1951. Ule uko mbele kidogo, kaskazini. Ukipenda kusema kweli juu ya dhuluma, usiihamishe hata kilometa moja.

Mambo yalikuwa hivi. Tume ya Jaji Wilson, katika taarifa yake ya mwaka 1947, ilipendekeza kwamba ardhi ya walowezi kati ya Arusha na Moshi ipangwe upya, ili mashamba yao yakae pamoja bila Waafrika katikati. Engare Nanyuki, yenye maji na malisho, ilitakiwa kwa ufugaji wa Wazungu. Wameru waliambiwa wahamie Kingori, wakakataa. Basi askari wakaletwa, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa.

"Wakapigana?" aliuliza mjukuu wa kiume.

Hawakupigana. Walichangishana fedha, wakamtuma Kirilo Japhet kwenda New York pamoja na wakili wao Earle Seaton, mtu wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Mwaka 1952 Kirilo alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Nyerere kufika mbele ya baraza hilohilo. Hakurudi na ardhi. Mwishoni mwa mwaka huo, azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao lilifika hadi Baraza Kuu, likakosa theluthi mbili za kura. Lakini watu wa majimbo mengine walisikia kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa. TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta masikio yamekwisha kufunguka, na kwa maoni yangu vitabu vyetu vya shule havijalipa jambo hili kurasa zake.

Mwanangu alikuwa amenyamaza muda mrefu. Mwishowe aliniuliza kama nilitaka kusema hifadhi zifungwe. La hasha. Nimewapeleka wanachuo wangu hifadhini mara nyingi, na nyati wale nawapenda pale walipo. Nilichokataa ni lile neno lake, "hakuna mtu". Mwalimu akilisema darasani, kesho wanafunzi arobaini watakuwa wanalisema.

Asubuhi baridi ilikuwa kali hata vioo vya Kombi vilitoa jasho. Tulitoka kwa lango la Momella, tukateremka Ngare Nanyuki, maana siku hizi jina huandikwa hivyo. Ni mashamba ya Wameru tena, ya nyanya za kumwagilia, na kando ya barabara akina mama huziuza kwa sado. Mjukuu wangu aliteremka kwanza. Akaamkia "Shikamoo Bibi", na kabla sijamzuia akauliza kama na yeye alihamishwa.

Yule mama alinitazama mimi, kisha mtoto. "Mimi nilizaliwa Kingori, mjukuu wangu," alisema. "Mama ndiye aliyezaliwa hapa. Tulirudi naye nikiwa nimeshapata akili. Alitupita wote kwa mwendo, akaenda moja kwa moja mtoni, hakutusubiri."

Akajaza sado mbili, akaongeza nyanya tatu juu yake, akasema hizo ni za mtoto.