Baba na Mwana Katika Njia ya Makka

Filamu ya Kifaransa iitwayo Le Grand Voyage, yaani Safari Kubwa, ilitoka mwaka 2004. Mwongozaji wake ni Ismaël Ferroukhi, mzaliwa wa Morocco aliyekulia Ufaransa. Tumewaonyesha wanafunzi wetu wa hapa Rwanda filamu hiyo mara kadhaa, na kila mara tumekaa kimya kidogo kabla ya kuwasha taa.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Mzee wa Kimorocco anayeishi kusini mwa Ufaransa anataka kuhiji kabla hajafa, tena kwa gari. Hajui kuendesha, hivyo anamlazimisha mwanawe Réda, ambaye ana mtihani mbele yake, ampeleke. Wanapita Italia, nchi za Balkani, Uturuki, Syria na Yordani.

Linalotugusa zaidi sisi walimu wa lugha ni kwamba baba husema Kiarabu cha Morocco na mwana humjibu Kifaransa. Maneno wanayaelewa, wao wenyewe hawaelewani. Chanzo chake kimo katika historia. Mwaka 1963 Ufaransa na Morocco zilitia saini mkataba wa wafanyakazi. Wanaume wakaenda viwandani, migodini na mashambani, wengi wakidhani watarudi baada ya miaka michache. Mwaka 1974 Ufaransa ilisitisha kuajiri wageni. Aliyeondoka hakuwa na hakika ya kuruhusiwa tena, basi wengi wakabaki. Amri ya mwaka 1976 ikaweka utaratibu wa kuwaleta wake na watoto, na watoto wakaingia shule za Kifaransa. Ukimya uliomo ndani ya lile gari, kwa hiyo, haukuanza siku ya safari.

Mwanafunzi wetu mmoja alisema kwamba bibi yake, aliyerejea kutoka Tanzania baada ya 1994, humsemesha Kiswahili naye humjibu Kinyarwanda. Darasa lilicheka, yeye hakucheka.

Njia nayo ina historia yake. Kwa karne nyingi misafara ya mahujaji ilikusanyika Damascus. Mwaka 1326 Ibn Battuta, Mmorocco kama huyu mzee, aliondoka hapo kwenda hija yake ya kwanza. Ndiye yule aliyefika Kilwa mwaka 1331. Reli ya Hijazi kutoka Damascus ilifika Madina mwaka 1908. Na vita vilivyozuka Syria mwaka 2011 viliifunga njia hiyo kwa miaka mingi, hata filamu yenyewe sasa imekuwa kumbukumbu ya barabara.

Si kila kitu kimetupendeza. Yule bikizee mwenye mavazi meusi anayeingia garini huko Balkani hatujamwelewa mpaka leo.

Lakini Makka! Mzee anaingia katika umati wa mahujaji, na jioni harudi. Réda anamtafuta mpaka anapelekwa penye maiti, na huko anamkuta baba yake. Anashiriki kuuosha mwili. Kabla ya hapo, walipokuwa njiani na fedha zimepungua, baba alimpa sadaka mwanamke ombaomba, na mwana akafoka kwa hasira. Sasa kijana yuko peke yake, tayari kuondoka. Mwanamke ombaomba anamnyooshea mkono. Anampa, kisha anaingia katika teksi.