Nyumba ya Rangi Niliyolala Lamu, na Ile Ambayo Ami Anataka Kuuza

Niseme ukweli mapema: nilienda Lamu kwa sababu ya picha. Niliiona hiyo nyumba Instagram, mlango wa samawati, mito ya pinki, ukuta wa rangi ya embe bivu, nikajiambia lazima nikalale pale hata kama ni kwa siku mbili tu. Nikaweka pesa miezi minne, nikapanda basi Mombasa hadi Mokowe, nikavuka kwa boti na begi mgongoni.

Lakini kulikuwa na kitu kingine kichwani. Wiki hiyo hiyo, kwenye grupu ya familia ya WhatsApp, Ami wangu mkubwa alikuwa ameandika: "Nyumba ya Mji wa Kale iuzwe. Mteja yuko." Hiyo ni nyumba ya bibi yangu, Mombasa. Bibi bado anaishi humo. Watu kumi na wanne walisoma ule ujumbe, na wengi wakajibu kwa dole gumba. Na mimi pia niliweka dole gumba, wasee. Paa linavuja, ngazi imeoza, nani ana pesa ya kurekebisha?

Sasa, nyumba ya Lamu. Ukifika huingii moja kwa moja. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni wa kiume alikuwa anaketi kuongea biashara bila kuona chochote cha ndani. Ukipita mlango unakata kona, ndipo unatokea kiwanda, ule uwanja wazi katikati ya nyumba unaoleta hewa na mwanga. Halafu vyumba virefu vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na kila ukienda mbele unaingia kwenye faragha zaidi.

Nikauliza mbona vyumba ni vyembamba hivi. Mama mwenye nyumba akanyoosha kidole juu. "Hesabu boriti, mwanangu." Dari imebebwa na boriti za mikoko, na mti wa mkoko una urefu wake; ukitanua chumba kupita hapo, dari inalegea. Kumbe ni msitu wa baharini ulioamua upana wa chumba changu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Bafuni kuna birika la maji, na zamani walikuwa wanaweka samaki wadogo humo wale viluwiluwi vya mbu. Hakuna dawa, hakuna stima, na mbu hawazaliani. Mtu akikuambia wazee wetu hawakuwa na teknolojia, mpeleke bafuni Lamu.

Chumba nilicholala ndicho cha mwisho kabisa, kinachoitwa ndani. Ukuta mzima una zidaka, vile vishubaka vya chokaa vilivyochongwa kwa mistari, ambapo familia zilikuwa zinapanga vyombo vya kauri vilivyotoka hadi Uchina. Leo vina mishumaa na vitabu walivyoacha wageni. Nilipiga picha kama arobaini. Kisha Mama mwenye nyumba akaniambia kitu kilichonifanya niweke simu chini.

"Hiki kilikuwa chumba cha mwanamke. Na nyumba yenyewe ilikuwa yake."

Huu ulikuwa utaratibu wa familia nyingi za waungwana wa Lamu. Binti akikaribia kuolewa, baba anamjengea nyumba, au anaongeza ghorofa juu ya ile iliyopo. Nafasi ikiwa haipo, anajenga chumba juu ya kichochoro kuunganisha nyumba mbili. Hicho chumba kinaitwa wikio, na ukitembea mjini utapita chini ya kadhaa bila kujua. Mume ndiye aliyekuwa anahamia kwa mke. Fikiria hiyo kidogo, halafu fikiria vile tunavyoambiwa kwamba mwanamke wa Kiswahili wa zamani hakuwa na chake.

Ila nisikuuzie historia tamu tu. Mji wa Lamu umekaliwa kwa zaidi ya miaka 700, na UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001. Lakini nyingi ya hizi nyumba kubwa tunazozipenda ni za karne ya 18 na ya 19, wakati pesa ilikuwa inatoka kwa biashara ya baharini na kwa mashamba ya upande wa bara. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Mikono iliyobeba matumbawe na kuchoma chokaa, mingi ilikuwa yao. Wao hawakulala ndani, wala hawakujengewa nyumba siku ya harusi. Nilimuuliza Mama mwenye nyumba kama huwa anawaambia wageni haya. Akanyamaza kidogo, akasema, "Anayeuliza namwambia." Nilimheshimu kwa kusema ukweli, lakini nadhani aambiwe hata asiyeuliza. Nyumba ikisimuliwa nusu, imerekebishwa nusu.

Utumwa ulifutwa kisheria pwani hii mwaka 1907. Wakati huo biashara ilikuwa imeshaanza kuhamia Mombasa, ambako reli ilianza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria 1901. Lamu ikabaki nyuma, na nyumba nyingi zikakosa pesa ya matunzo. Na nyumba ya matumbawe haisubiri. Paa likitoboka, mvua inaingia ukutani, chokaa inalainika, boriti zinaoza, na siku moja ghorofa ya juu inakuwa ya chini. Ndio maana wengine waliuza, na wanunuzi wengi wakawa wageni kutoka mbali. Siwalaumu waliouza. Njaa haili zidaka.

Familia hii haikuuza. Paa lilipoanza kuanguka, ndugu walikaa chini wakakubaliana: nyumba ibaki ya wote, dada mmoja aiendeshe, pesa ya wageni itengeneze paa kwanza, kisha ndio wagawane. Na zile rangi? Nilidhani ni kosa, maana kuta za asili zilikuwa nyeupe ili mwanga mdogo usambae. Akacheka. "Nyeupe hawaipigi picha." Lakini rangi yake ni chokaa iliyochanganywa na rangi ya unga, si rangi ya plastiki ya dukani. Ukuta wa matumbawe lazima upumue. Ukiupaka plastiki au kuukandika saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza huku wewe unaona unang'aa. Kwa hivyo pinki na embe bivu ni za Instagram, ila chokaa ni ya ukuta. Mimi naona huo ni mkataba wa haki. Nyumba isiyoingiza chochote mjini humu inageuka kifusi, na kifusi hakihifadhi historia ya mtu.

Usiku wa pili nilikaa juu ya dari nikasikiza punda wakigombana chini, nikafungua ile grupu ya familia. Nikaandika swali moja: "Samahani Ami, nyumba ya Mji wa Kale iko kwa jina la nani?"

Kimya. Watu kumi na wanne wamesoma, hakuna hata dole gumba.

Asubuhi simu ikalia. Bibi hana WhatsApp, ila kuna mtu alimsomea. "Wewe ndiye umeuliza? Hii nyumba alinipa baba yangu nilipoolewa. Babu yako aliingia humu na sanduku moja. Tangu maneno ya kuuza yaanze, hakuna aliyeniuliza mimi."

Nilibaki nimeshika simu kwenye kiwanda cha watu, sina la kusema. Miaka ishirini na mbili nimekuwa nikisema "nyumba ya babu".

Sijui itaishaje. Ami si mtu mbaya. Yeye ndiye amekuwa akilipa fundi wa paa peke yake kwa miaka, na amechoka. Ameandika tu, "Tukutane Ijumaa tuongee na mama." Labda bibi mwenyewe ataamua kuuza, na ni haki yake. Lakini dole gumba langu nimeliondoa.

Wewe pia, kabla hujalipa pesa kulala kwenye nyumba ya bibi wa mtu mwingine, mpigie wako. Muulize nani alijenga pale anapoishi, kwa mikono ya nani, na ni ya nani.