Simba wa Kericho
Wasee, mkisikia Safari Rally mnawaza Naivasha tu. Lakini Joginder Singh, yule "Simba wa Kenya", alizaliwa hapa kwetu Kericho, 1932. Umekanika alianzia gereji ya babake. 1965 akashinda Safari na Volvo PV544, tena mtumba, ndugu yake Jaswant akiwa navigeta. Akarudia 1974 na 1976, sasa na Mitsubishi Lancer.

Stori hii alinipa baba tukiwa chini ya lori lake la majani chai, yeye na spana, mimi na tochi. Ya Jaswant ndiyo alikuwa akirudia sana. Nilipoacha chuo hakuniongelesha mwezi mzima. Juzi akapiga simu: "Kijana, kuja ushike tochi."