Matari ya Maulidi, kutoka Lamu hadi Adu

Tari ni ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye duara la mbao, na hukazwa kwa moto kabla ya kupigwa. Ala hii ilizua ubishi mkali juu ya muziki na dini pwani ya kaskazini ya Kenya. Habib Saleh (aliyefariki 1935) aliiingiza katika Maulidi, sherehe ya kuzaliwa Mtume, msikitini Riyadha, Lamu, akiwasomesha hata wana wa watumwa. Masharifu wa zamani, wanaojinasibu na ukoo wa Mtume, walipinga, na huenda hadhi yao nayo iliguswa. Watetezi walishika hadithi ya mabinti waliopiga dufu, ngoma kama tari, nyumbani kwa Mtume siku ya Idi. Wapinzani, ile ya Bukhari inayolaumu ala. Mombasa, Sheikh al-Amin Mazrui alikemea bidaa, yaani uzushi katika dini, katika gazeti la Al-Islah, 1932.

Hata hivyo, Maulidi ya matari yalishika mizizi hata Mambrui. Bara yake, kuelekea Adu, swali la ngoma na dini lilikuwa zito zaidi: Wagiriama wengi walisilimu kwa kupagawa na pepo wa Kiislamu waliowadai wasilimu, na pepo huitwa kwa ngoma. Mashekhe walioruhusu tari waliikataa ngoma hiyo, kwa kuwa huita wasiokuwa Mungu.